Mume Wangu Hakoromi

Jumatatu, 3 Juni

Mama watoto,

Habari za mjukuu nimezisoma saluni kwa sauti, mpaka wateja wakaniambia basi, babu, tumesikia, sasa tunyoe. Mwambie binti yetu nimefurahi kupita kiasi.

Mimi ukinitazama sijambo. Ndani ndiko sijielewi. Tangu uondoke nalala mapema, kichwa kikigusa mto nimeshaondoka, na naamka jua limeshaingia chumbani. Usingizi wa kuwatosha watu wawili. Lakini naamka nimechoka kama mtu aliyeshinda akibeba mawe, kichwa kinagonga, mdomo mkavu. Nikifika kazini nakaa kumngoja mteja, na kabla mteja hajaingia nimeshasinzia. Nalala zaidi, nachoka zaidi. Nieleze wewe hesabu hiyo inakwendaje.

Ijumaa nilikuwa namnyoa mwalimu mstaafu, yule anayekuja na gazeti lake. Sijui kilichotokea. Nilikuwa natengeneza ukingo wa nywele nyuma ya sikio, halafu nikaona damu. Nilisinzia nimesimama, mke wangu, wembe mkononi. Ni kipande kidogo cha ngozi tu, lakini damu ya sikio haina aibu, iliteremka mpaka kwenye kola. Mwalimu hakulalamika. Alikandamiza taulo pale akaendelea kusoma gazeti, na hilo ndilo lililoniumiza. Mimi ambaye mtaa mzima unaniita Mkono Mwepesi.

Nimekwenda kwa daktari. Ni kijana, lakini ana subira. Presha iko juu. Akanizungushia tepu shingoni kama wewe fundi cherehani unavyompima mteja kola, akaandika. Kisha akaniuliza kama nakoroma. Nilicheka. Nikamweleza kwamba marehemu baba ndiye aliyekuwa akikoroma, watu walimwita Treni, na sisi wanawe tuliigiziwa ile sauti shuleni mpaka nikawa sitaki kwenda. Mimi namshukuru Mungu sikuirithi. Daktari akasema mtu aliyelala hajisikii, nimuulize mke wangu mambo mawili: kama nakoroma, na kama kuna wakati pumzi inakatika.

Basi nakuuliza, ingawa jibu nalijua. Niandikie mstari mmoja nimpelekee, aache kunipotezea muda.

Mumeo


Jumapili, 9 Juni

Mume wangu mpenzi,

Nimesikitika kwa ajili ya sikio la mwalimu, na zaidi kwa ajili yako. Mjukuu wako anakua, ana paji la uso lako na hasira za mama yake.

Mstari wa daktari ni huu: mume wangu hakoromi. Analala kimya kama maji mtungini, na pumzi yake ni nzuri.

Nadhani ni upweke, pamoja na hicho chakula chako cha kujipikia, maana wewe ukikaanga yai hata sufuria inajuta. Mwambie akupime damu. Huenda imepungua. Na uache kunyoa jioni ukiwa umechoka.

Mkeo


Jumapili, 9 Juni

Wifi yangu,

Nakuandikia siku hiyo hiyo niliyomwandikia kaka yako, na bahasha yake nimeshaipeleka posta. Nimefanya jambo na sijui kama ni jema au ni baya.

Kaka yako anakoroma. Najua unacheka, cheka umalize. Anakoroma mpaka glasi za kabatini zinagongana. Asubuhi ya kwanza baada ya harusi aliniuliza kama amekoroma, na jinsi alivyonitazama ungedhani anangoja hukumu ya kifungo. Nilikuwa bibi harusi, wifi. Ningesema nini? Nikasema hapana. Alifurahi hata akaniimbia. Tangu siku hiyo kila nikitaka kusema ukweli naikumbuka ile furaha, nameza mate. Hivyo uongo wenyewe umezeeka pamoja nasi. Siku za joto nasingizia mgongo, nahamia kwenye kochi la sebuleni. Siku nyingine akizidisha namsukuma ubavu, anageuka upande, inapungua. Na kuna wakati inakatika ghafla, kimya kabisa. Hapo nasema afadhali, sasa amepumzika, na nawahi kulala kabla hajaanza tena.

Sasa daktari ameuliza juu ya kukoroma, na juu ya pumzi kukatika. La kwanza nimelikana kwa sababu ya aibu yake. La pili silielewi kabisa. Kwa nini mtu aulize juu ya kimya? Mimi siku zote nilidhani tabu iko kwenye kelele, na kimya ndiyo nafuu yake. Nimechanganyikiwa, sijui nishike lipi niache lipi.

Nikuambie na jingine, uniseme ukitaka. Nilikuja huku kwa ajili ya mtoto, hilo ni kweli. Lakini basi lilipoondoka kituoni nilifurahi kwamba nakwenda kulala. Mtoto mchanga analia, na bado nalala vizuri hapa kuliko nyumbani kwangu. Naona haya kuiandika sentensi hiyo.

Wifi yako


Jumapili, 16 Juni

Wifi yangu mwongo,

Barua yako niliifungua mlangoni pa kiwanda cha mikate nikiwa bado na unga mikononi, na hii naiandika kazini, ndiyo maana nayo ina alama za vidole. Nilicheka sana, mpaka nilipofika pale ulipoandika juu ya kimya. Hapo kicheko kilinikauka.

Wakati baba anafariki kaka alikuwa bwenini shuleni, mimi mdogo wake nilikuwa nyumbani. Baba alikuwa hivyo hivyo. Atavuma, kisha kimya, na mama atatunong'oneza kwamba baba yenu amepumzika, msipige kelele. Siku ile asubuhi kulikuwa kimya. Tulitembea kwa ncha za vidole tusimwamshe. Tukanywa chai, tukafunga mlango taratibu, tukaenda zetu shule. Mama alikwenda kumwamsha mchana. Watu wazima walisema ni moyo, na kaka aliporudi aliambiwa hivyo hivyo, moyo. Pengine ni kweli. Mimi sikuwahi kuyaunganisha haya mambo mpaka uliponiunganishia wewe bila kujua.

Sikuweza kukaa tu. Nilikwenda kwa kaka nikamdanganya kwamba chumba changu kimepakwa rangi na harufu inanisumbua. Alipolala nikasimama mlangoni kwake. Yuko chali, amejitanua kitanda kizima, hakuna wa kumsukuma. Anakoroma, sawa, hiyo nilijua nitaikuta. Kisha ikakatika. Wifi, kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kinahangaika, lakini hewa haipiti. Nikavuta pumzi mimi nikaachia, nikavuta tena nikaachia, yeye bado. Halafu akashtuka akaivuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini, akaendelea kulala, hana habari. Baada ya muda kidogo ikakatika tena. Na tena. Hicho si kimya cha kupumzika. Kimya hicho ndicho alichokuwa akikiuliza daktari.

Asubuhi nilikusudia kumwambia. Akanimiminia chai, akakaa mbele yangu macho mekundu, akasema, "Nimelala kama mtoto, mdogo wangu. Sijui kwa nini nimechoka." Nikamwambia na mimi nimelala vizuri.

Kwa hiyo sasa waongo tuko wawili. Lakini daktari alitaka jibu la mke, na mke ni wewe. Mwandikie.

Wifi yako


Jumanne, 18 Juni

Mama watoto,

Mstari wako niliupeleka. Daktari aliusoma, akaukunja, akakuna kichwa. Amenipima damu, iko sawa. Amepima sukari, iko sawa. Amenipa dawa ya presha, kisha akaniuliza kwa adabu kama nina huzuni. Nikamwambia nina mjukuu. Akasema basi huenda ni kumkosa mke, na akatabasamu, na mimi nikatabasamu, tukabaki tunatazamana kama watu wawili waliopotea njia moja.

Jana nilikuwa namnyoa ndevu kijana mmoja anayetarajia kuoa. Wembe ulikuwa chini ya kidevu chake. Nikasikia ananiita kwa upole kabisa, "Mzee, uko hapo?" Nikafumbua macho. Sikumbuki kuyafumba. Mkono wangu ulikuwa umetulia palepale kooni mwake, haukumkwaruza, lakini ni bahati yake tu. Nilimmalizia kwa mashine nikakataa malipo. Alipoondoka nikafunga mlango nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Mke wangu, naogopa. Sijui kama ni akili inayoondoka au ni kitu gani. Nimekuwa nikijichunguza kwenye kioo kutwa nzima na sioni kitu. Wewe umenitazama miaka yote hii kutoka upande mwingine. Kama kuna jambo unaliona na mimi silioni, niambie. Nitamuua mtu.

Mumeo


Jumapili, 23 Juni

Mume wangu,

Keti kwanza ndipo usome.

Unakoroma. Umekoroma tangu siku ya kwanza tulipolala chumba kimoja. Nilikudanganya kwa sababu nilikupenda na niliona unavyoogopa, na baadaye nikaendelea kukudanganya kwa sababu nilishaanza. Mgongo wangu hauna tatizo lolote. Nilikuwa nakimbilia kochi.

Na pumzi yako inakatika. Hilo nililisikia pia, miaka yote, lakini sikulielewa. Nilidhani unapumzika. Nilikuwa nakusukuma ulale upande, si kwa busara yoyote, ila nami nipate kulala. Sasa sipo, unalala chali, na nadhani ndiyo maana mambo yamezidi tangu niondoke. Mdogo wako alikuja akakusikiliza. Chumba chake hakikupakwa rangi. Muulize aliyoyaona, na umuulize habari za baba yenu siku ile, maana hayo si yangu kuyasimulia.

Rudi kwa daktari. Mwambie mke wangu aliandika uongo, ukweli ni huu. Kila usiku lala ubavu, ukaze mto mgongoni usigeuke chali.

Naumia. Nilidhani natunza heshima yako, kumbe nilikuwa nakuficha wewe mwenyewe usijijue. Ningekuwa karibu ningepiga magoti.

Mkeo


Jumamosi, 29 Juni

Mke wangu,

Nimeisoma. Nikairudia, nikidhani nimekosea kusoma.

Kisha nikaenda kwa fundi viatu, jirani yetu wa ukuta mmoja. Nikamuuliza kama huwa ananisikia. Alikitazama kiatu alichoshika, halafu akasema, "Tulizoea, jirani." Basi. Tulizoea. Na watoto wake, na mama mkwe wake anayekuja likizo, wote walizoea. Na mimi napita hapo kila asubuhi nimenyoosha kola, nawasalimia, namcheka marehemu baba yangu mbele yao.

Kuna mwanamume analala kitandani mwangu. Anapiga kelele, anakabwa, anahangaika, anashtuka. Mke wangu anamjua, dada yangu anamjua, fundi viatu anamjua. Mimi tu ndiye sijawahi kumwona, na mtu huyo ni mimi. Hebu niambie nifanye nini na habari kama hiyo.

Mdogo wangu amenieleza habari za baba. Walitembea kwa vidole. Siwezi kuiondoa hiyo kichwani.

Sina hasira juu ya kukoroma. Nina hasira, lakini sijui niielekeze wapi. Usiniandikie kwanza.

Mumeo


Jumatatu, 8 Julai

Wifi,

Amenikataza kumwandikia na nimetii. Kwake hakuji hata mstari mmoja. Kila mtu wa posta akija nakimbilia mlangoni, naye anapita bila kusimama. Binti yangu ananiuliza kwa nini chai yangu inapoa kikombeni. Sijui baba yake amenuna au amelala asiamke tena, kama marehemu babu yake. Niambie lolote, hata kama ni baya. Huku nasinzia nimekaa na nashtuka mimi sasa.

Wifi yako


Ijumaa, 12 Julai

Wifi yangu,

Yuko hai. Nimeanza na hilo ili upumue.

Tulikwenda kwa daktari pamoja. Nilieleza niliyoyasikia na kaka alikaa kando akitazama sakafu. Daktari alisema si kila anayekoroma ana ugonjwa, wengine ni kelele tu na wanaamka wazima kama sisi. Lakini anayekoroma, na pumzi ikakatika, na mchana akasinzia, na presha ikapanda, na shingo ni nene, huyo lazima apimwe. Koo la mtu kama huyo likilegea usingizini linajifunga. Hewa haipiti, mwili unashtuka ili avute, koo linafunguka, linajifunga tena, hivyo mpaka asubuhi. Hakumbuki hata mshtuko mmoja. Ndiyo maana analala sana na hapumziki hata kidogo. Kipimo ni kulala hospitali na nyaya kifuani na kichwani. Ikithibitika, kuna mashine ya kusukuma hewa puani inayozuia koo lisifunge. Kaka alionyeshwa mashine yenyewe, akaishika kama unavyoshika mkasi wa mtu mwingine. Tatizo ni foleni. Zamu yake ni mwishoni mwa mwezi ujao.

Nikauliza habari za baba. Daktari akasema mtu aliyefariki zamani hawezi kumpima, inawezekana na inawezekana isiwe hivyo. Wifi, jibu hilo ndilo lililomvuruga kaka. Angesema ndiyo au hapana tungejua pa kusimama.

Sasa hataki kulala. Wembe ameufungia kabatini mpaka apone, hilo ameliamua mwenyewe na namsifu. Lakini jioni haendi nyumbani. Anakaa saluni kwenye kile kiti cha kuzunguka, wima, taa zote zinawaka, anakitazama kioo. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anataka kumwona huyo mtu akianza. Anasinzia dakika, anashtuka, anajitazama. Amekonda usoni. Daktari alimwonya kwamba kukesha hivi ni hatari kuliko kulala ubavu, akaitikia kwa kichwa, akarudi kitini.

Nikajitolea kukaa naye akilala. Akanijibu neno ambalo bado linanichoma. Alisema, "Atakayenilinda nikilala, asubuhi ataniambia nini? Ataniambia nimelala vizuri."

Na alfajiri natakiwa kazini. Wewe ndiye mwenye hilo deni la maneno, si mimi.

Wifi yako


Jumapili, 14 Julai

Mume wangu,

Ulinikataza kuandika nami nimekaidi. Barua hii nampa dereva wa basi la leo mchana, kama mdogo wako alivyonitumia yake, naye atamkabidhi kituoni. Mimi mwenyewe napanda la kesho asubuhi. Binti yetu ana nguvu, mtoto ananyonya vizuri, na yeye ndiye aliyeniambia niende.

Sikuombi unisamehe, maana sijui hata kosa nilitaje lipi. Nikianza kulihesabu linarudi nyuma, linarudi nyuma, halifiki mwanzo. Na wewe hujui hasira yako iende wapi. Basi tuko sawa, hatuelewi. Hatuhitaji kuelewa kabla ya Jumatatu.

Toka kwenye hicho kiti. Kwenye kioo hutamwona huyo mtu, kwa sababu akija wewe hupo. Mimi ndiye ninayemjua. Nimelala naye miaka yote hii, nikamgeuzia mgongo nikaziba masikio.

Daktari hana dawa ya sasa isipokuwa kulala ubavu na mtu wa kukuangalia. Mtu huyo ni mimi, hata kama huniamini. Nitaketi kando ya kitanda na cherehani yangu nimeiweka mbali isiniibe macho. Pumzi ikikatika nitakusukuma. Ikikatika tena nitakusukuma tena, mpaka siku ya zamu yako hospitali, nami nitalala mchana wewe ukiwa macho.

Na asubuhi utaniuliza umelalaje. Nitakuambia ulivyokoroma, pumzi ilipokatika, muda iliochukua kurudi, na kama nililia nikingoja. Nitakuambia yote, hata ukinuna kutwa nzima.

Mkeo